Tusinunue sauti ambayo hatujaisikia

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetufungulia milango ya riziki za halali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeona ni vyema tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo, nalo ni ununuzi wa vyombo vya sauti vilivyokwisha kutumika. Tunakusudia redio za kaseti, amplifaya, spika, deki na mashine za santuri, zinazonunuliwa kwa njia ya simu kutoka kwa wauzaji ambao mnunuzi hajapata kuwaona uso kwa uso. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ndani yake mna fedha ya familia, mna ahadi baina ya watu, na mna haki ambazo wengi wetu hatuzijui, na kwa kutozijua tunaziacha zipotee.

Mkoani Singida, alizeti huvunwa kati ya mwezi Mei na Julai. Huo ndio wakati ambapo nyumba nyingi za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni hushika fedha ambazo zimesubiriwa mwaka mzima. Zamani, mwenye kutaka redio alikwenda mjini, akaingia dukani, akaiwasha, akazungusha kitufe cha sauti, akaisikiliza, ndipo akatoa fedha. Leo duka limo kiganjani. Picha ya amplifaya iliyopo Kariakoo, umbali wa takriban kilomita 700, huonekana katika Instagram, Facebook, kundi la WhatsApp au mtandao wa matangazo kama Jiji. Bei hutajwa, namba ya simu hutolewa, na fedha hutumwa kwa dakika moja. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyinginezo kufuatia, kutuma fedha kumekuwa kwepesi kuliko kutuma salamu. Mzigo hupakiwa katika basi, na mwenyewe huufuata stendi ya Misuna. Hapo ndipo wengine hupokea walichokitarajia, na wengine hugundua kuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kuendelea, tuweke wazi kwamba hatusemi kununua kitu kilichotumika ni kosa. Kinyume chake, mara nyingi ni busara. Kaseti ilitolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Philips mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa iliyofuata ndiyo iliyokuwa maktaba ya sauti ya nyumba zetu. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'an nzima kwa kisomo cha murattal mwaka 1961, na sauti yake pamoja na ile ya Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad, aliyefariki mwaka 1988, zilifika vijijini kwetu kwa kanda. Ziko nyumba ambazo bado zimehifadhi kanda za mawaidha ya masheikh waliotangulia mbele ya haki, kanda za maulidi, na hata sauti ya babu akiwausia wajukuu. Deki mpya za kupigia kanda hizo ni adimu madukani, na nyingi ya zilizopo ni duni. Mwenye kutaka kuisikia tena sauti ya babu yake hana budi kutafuta deki ya zamani.

Tena amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980, za kampuni kama Sansui, Pioneer, Technics na Sony, zilitengenezwa kwa transfoma nzito na vipuri ambavyo fundi anaweza kuvifungua na kuvibadili. Anayenunua chombo kama hicho kwa bei ya wastani, akakitengeneza na kukitunza, ameepukana na israfu ya kununua kipya kila mwaka. Kutumika, basi, si dosari ya kumwonea mtu haya. Tatizo lipo katika kasoro inayofichwa.

Na vyombo vya sauti vina tabia inayovitofautisha na bidhaa nyingine. Kanzu iliyochanika huonekana pichani, na meza iliyovunjika mguu huonekana pia. Lakini kasoro ya chombo cha sauti haina sura, nayo huonekana pale tu kinapowashwa na kusikilizwa. Sponji inayozunguka koni ya spika huoza kwa umri, hata kama spika imekaa kabatini bila kuguswa, na kitambaa cha mbele huifunika isionekane. Kapasita ndani ya amplifaya hukauka kadiri miaka inavyopita, na chombo kikaanza kuvuma. Mkanda wa mpira unaozungusha deki hulegea, na sauti ya msomaji ikayumba kama ya mtu mwenye homa. Lenzi ya mashine ya CD hufifia, ikawa inaruka aya. Nasi wa Singida tunaujua upepo wetu wa kiangazi na vumbi lake. Vumbi likishaingia katika vitufe vya sauti, kila ukikizungusha kimoja spika hukwaruza. Yote haya hayamo katika picha. Picha huonyesha kasha lililopanguswa likang'aa.

Liko na jambo la umeme, ambalo limeunguza vyombo vizuri ndani ya nukta chache. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Umeme wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani, kikaletwa na kontena la mitumba, kikichomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme, hupokea zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Vilevile, redio za zamani za Japani hushika masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu hurusha kati ya 88 na 108. Wenye magari kutoka Japani wanalijua tatizo hili vizuri. Muuzaji anayesema kuwa redio ni nzima anaweza kuwa mkweli, na bado mnunuzi asipate kituo anachokitaka. Ndiyo maana ukweli wa nusu hautoshi.

Ndugu msomaji, mafundisho ya dini yetu hayakuiacha hali hii bila mwongozo. Sisi wa mkoa huu ni watu wa mifugo, na mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa mnyama aliyefungwa chuchu. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuacha kumkamua ngamia au mbuzi kwa siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani kuwa maziwa ni mengi kila siku. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa hiari ya siku 3. Akiridhika atabaki naye, na asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi ya tende, badala ya maziwa aliyokamua. Tutazame vizuri hapa. Muuzaji yule huenda hakutamka uongo wowote. Alikiacha kiwele kiseme uongo kwa niaba yake. Na hivyo ndivyo afanyavyo anayelipaka rangi kasha la spika iliyooza, akalipiga picha mwangani, kisha akanyamaza.

Imepokewa pia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka alieleza kuwa mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hana fungu katika mwenendo wake. Hakumwambia asiuze. Alimtaka adhihirishe. Nafaka iliyolowa ina bei yake na ina mnunuzi wake, sawa na amplifaya inayovuma, ambayo fundi ataifurahia kwa bei inayolingana na hali yake.

Katika tangazo la vyombo hivi uko pia udanganyifu wa kipimo. Visanduku vingi vya spika na sabufa huandikwa maelfu ya wati, ilhali kibandiko cha nyuma chenye kuonyesha umeme unaotumika kinataja wati 60 au 80. Chombo hakiwezi kutoa nguvu kubwa kuliko inayoingia. Qur'an ina sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, Surat Al-Mutaffifin, na hatuoni tofauti baina ya anayepunguza pishi ya mtama na anayezidisha wati kwa kalamu. Mnunuzi na aombe picha ya kibandiko cha nyuma kabla ya picha ya mbele.

Tuje kwa yule anayeuza kitu ambacho si chake. Wako vijana ambao huchukua picha katika ukurasa wa mwingine, wakaongeza bei na kuiweka katika ukurasa wao. Mnunuzi akishatuma fedha, ndipo wanapokimbilia kukitafuta chombo. Wakikipata, mambo hunyooka. Wakikikosa, ndipo simu inapoanza kutopokelewa. Sahaba Hakim bin Hizam (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu anayemjia kutaka kitu ambacho hanacho, akamuuzia kisha akaenda kukinunua sokoni, naye akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Kijana wetu anayefanya kazi hii anayo njia ya halali iliyo wazi. Aseme kwamba yeye ni dalali, ataje ujira wake, na amuunganishe mnunuzi na mwenye mali. Udalali ni kazi ya heshima ikiwa haujifichi.

Je, mauzo ya kitu kisichoonekana yanasihi? Wanazuoni wamelizungumza suala hili karne nyingi kabla ya simu. Katika madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), yenye wafuasi wengi katika Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakiuzwi. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa (R.A.), mauzo hayo hujuzu, lakini mnunuzi hubaki na hiari ya kukubali au kukataa atakapokiona. Nalo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 6 kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, lilikubali kuwa mikataba yaweza kufungwa kwa vyombo vya mawasiliano, likitenga mambo machache kama ndoa. Sisi si mufti, na mwenye shaka na awaendee masheikh wake. Lakini hata msomaji wa kawaida anaona kwamba kauli hizi, pamoja na kutofautiana kwake, zinalinda jambo lile lile: mnunuzi asifungwe na kitu ambacho hajakijua.

Njia ya kulitekeleza hilo ni nyepesi. Kabla ya kutuma fedha, mnunuzi na aandike katika ujumbe kwamba ananunua kwa sharti la kukijaribu chombo kwa siku 3 tangu akipokee, na kwamba kikiwa na kasoro ambayo hakuelezwa atakirudisha na kurudishiwa fedha yake. Hiyo ndiyo hiari ya sharti wanayoitaja wanafiqhi. Muuzaji mkweli hatalikataa sharti hilo. Anayelikataa, na huku anaapa kuwa chombo ni kizima, amekwisha kujibu swali.

Wengine watatuonyesha maneno yaliyoandikwa katika risiti na kurasa nyingi, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yanafaa kwa mnunuzi aliyebadili nia bila sababu. Hayamsafishi muuzaji aliyeijua kasoro na akainyamazia. Sheria za nchi nazo haziko mbali na hapo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha na kuwahadaa walaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo ina sehemu inayomlinda anayenunua kwa njia ya mtandao. Lakini haki bila ushahidi ni kama kesi bila shahidi. Tusifute jumbe, tuhifadhi picha za tangazo, na tuandike jina lililotokea wakati wa kutuma fedha. Ikidhihirika kuwa ni utapeli mtupu, namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, na taarifa ifikishwe polisi.

Tunawageukia sasa wauzaji, ambao wengi wao ni watoto wetu. Wanangu, mnafanya biashara ngumu, na hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini kumbukeni hadithi nyingine ya Hakim bin Hizam (R.A.), kwamba wauziano wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Andikeni tangazo lenu hivi: amplifaya hii ina umri wa miaka 30, upande wa kulia unakwaruza, ni ya volti 100, bei ni kadhaa. Atakayekuja baada ya hapo atakuja akiwa anajua, na atarudi tena kwa kuwa hamkumdanganya.

Hata asiye muuzaji ana wajibu. Imepokewa kuwa Wathila bin al-Asqa (R.A.) alikuwapo wakati ngamia akiuzwa, na alipoona mnunuzi anaondoka naye kwa safari ndefu, alimfuata akamweleza kuwa mnyama yule ana jeraha katika ukwato. Muuzaji alipolalamika kwamba amemharibia biashara yake, alimjibu kuwa mwenye kuijua aibu ya kitu hana ruhusa ya kuinyamazia. Fundi wa redio aliyewahi kukifungua chombo, akajua kuwa transfoma yake ilikwisha kuungua na kufungwa upya, na akaulizwa na mnunuzi, na aseme.

Wala mnunuzi asijidhani kuwa yeye hana mizani inayomngoja. Iko tabia ya kukitumia chombo harusini usiku kucha, kisha kukirudisha asubuhi kwa madai ya ubovu. Iko tabia ya kukiangusha stendi na kumtupia muuzaji lawama. Mwenye kuigundua kasoro akaendelea kukitumia chombo, hiari yake imekwisha, na mwenye kukiharibu mwenyewe hana cha kudai. Haki inayotulinda sisi inamlinda na yule wa upande wa pili wa simu, ambaye naye ana watoto.

Neno maalumu ni kwa kamati za misikiti na madrasa. Wako wanaotafuta amplifaya na vipaza sauti vilivyotumika kwa ajili ya adhana na darsa, hasa vijijini, ambako chombo hutakiwa kiwe na uwezo wa kutumia betri ya volti 12. Fedha hizo zimechangwa na wajane na wakulima, senti kwa senti. Mtu akipoteza fedha yake binafsi amejidhuru mwenyewe, bali aliyekabidhiwa amana hana ruhusa ya kubahatisha. Kamati na imtume mtu pamoja na fundi, na nauli ya watu wawili hadi Dodoma au Dar es Salaam ihesabiwe kuwa ni sehemu ya bei.

Na kwa familia isiyoweza kusafiri, tunapendekeza mambo haya. Kwanza, tafuta jamaa au rafiki aliye karibu na muuzaji, akakisikilize chombo kwa niaba yako. Karibu kila nyumba ya Singida ina mtu wake Dar es Salaam. Pili, ikiwa hana budi kusikiliza kwa simu, mnunuzi apige simu ya video na aombe chombo kiwashwe mbele yake, vitufe vizungushwe, spika ya kulia na ya kushoto zisikilizwe moja moja. Simu haitaonyesha uzuri wa sauti, lakini mvumo na mkwaruzo utasikika. Tatu, aulize volti na masafa ya redio, na aombe picha ya kibandiko cha nyuma. Nne, alipe baada ya kupokea, au amkabidhi fedha mtu wa kati wanayemwamini wote wawili. Tano, kabla ya kukichomeka, amwite fundi. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko bei ya chombo kilichoungua.

La mwisho, baba asiitume fedha ya mavuno peke yake usiku, kwa kuwa ameambiwa kwamba wateja wengine wanne wanaingoja bidhaa ile ile. Haraka hiyo aghalabu ni mtego. Na akae na mkewe, waulizane kama ada ya shule imetengwa na kama chakula cha kufikia mavuno mengine kimo ghalani, kisha watazame kinachosalia. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nasi tunaongeza kwamba bei ya chini isiyo na maelezo hulipwa mara mbili.

Kanda ya babu imengoja miaka 20 kabatini. Haitaharibika kwa kungoja wiki moja zaidi, mpaka ipatikane deki ambayo mtu ameisikia kwa masikio yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitakase chumo zetu, azijaze kweli ndimi za wauzaji wetu, awape wanunuzi wetu subira na uadilifu, na ajaalie kila sauti inayoingia majumbani mwetu iwe ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.